Habari Iliyomo Katika Kikombe

Wahakiki wa kwetu wamezoea kuhakiki vitabu, tamthiliya na nyimbo. Katika insha hii nimependa kuhakiki kitu ambacho hakikai kwenye rafu ya vitabu, lakini husomwa kwa makini kuliko riwaya nyingi nilizowahi kufundisha. Kitu hicho ni kijiti cha kupimia mimba. Huuzwa katika maduka ya dawa, mijini na hata kwenye vituo vya mabasi huko bara, kikiwa ndani ya pakiti ndogo pamoja na kikaratasi cha maelezo. Mwanamke hukichovya katika mkojo wake, husubiri dakika chache, kisha husoma: mstari mmoja au miwili. Siyajui maandishi mengine mafupi kiasi hicho yawezayo kubadilisha maisha ya mtu kabla chai haijapoa.

Msomaji anaweza kuniuliza, mwalimu wa Kiswahili mstaafu ana nini na mambo ya maabara? Jibu langu ni kwamba kila kisomwacho kina mtu aliyekiandika, kina lugha yake, na kina msomaji aliyekusudiwa. Haya matatu ndiyo shughuli ya mhakiki siku zote. Sioni sababu ya kuyaacha mlangoni mwa maabara, hasa pale ambapo habari inayosomwa imetoka mwilini mwa mtu mwenyewe.

Historia ya kipimo hiki, kama inavyosimuliwa katika magazeti na vitabu vya afya, huwa ni historia ya mwendo. Tunaambiwa kwamba hapo zamani walitumiwa panya, na jibu lilichukua siku tano. Wakaja sungura, likachukua siku mbili hivi. Wakaja vyura, likachukua nusu siku. Sasa kuna kijiti, na jibu ni la dakika tatu. Masimulizi haya ni ya kweli. Walakini yanafanana na mtu anayesimulia safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza kwa kutaja saa za kuondoka na kufika tu, asiseme ndani ya basi alikuwamo nani, wala nani aliteremshwa njiani. Mimi ningependa kuuliza swali jingine katika kila kituo cha safari hiyo: jibu lilipotoka, lilikabidhiwa nani?

Kwanza tuelewane kuhusu mkojo wenyewe. Katika desturi zetu hautajwi mbele ya watu. Husemwa haja ndogo, tena kwa sauti ya chini. Lakini matabibu wa kale wa mataifa mengi waliusoma kama barua. Katika mafunjo ya kitabibu ya Misri ya kale yaliyohifadhiwa Berlin, mwanamke anaelekezwa kumwagia mkojo wake juu ya mbegu za ngano na shayiri kwa siku kadhaa; zikiota, ana mimba, na aina ya mbegu iliyoota ilidhaniwa kuonyesha jinsia ya mtoto. Jambo hilo si la kuchekwa. Mwaka 1963 zilitangazwa matokeo ya watafiti wa Misri waliolijaribu upya: mkojo wa waja wazito ulizifanya mbegu ziote katika takriban asilimia 70 ya majaribio, ilhali ule wa wanaume na wa wanawake wasio na mimba haukuziotesha. Kuhusu jinsia ya mtoto, mbegu hazikujua lolote.

Sababu ya mkojo kuwa na habari ni hii. Homoni za uzazi hutengenezwa katika ovari, katika tezi iliyo chini ya ubongo, na wakati wa mimba katika kondo la nyuma. Huingia katika damu, hufanya kazi yake, kisha mwili huziondoa. Nyingine hupita katika figo karibu kama zilivyo. Nyingine, kama estrojeni na projesteroni, hufungwa kwanza na ini kwa asidi ya jamii ya sukari ili ziyeyuke katika maji, ndipo zitoke. Kwa hiyo mkojo ni kama daftari la matumizi ya nyumba: halionyeshi fedha iliyomo mfukoni dakika hii, ila linaonyesha yaliyotumika tangu jana. Tena, tofauti na damu, hauhitaji sindano wala mtu wa kuichoma. Mwenye mwili anaweza kuutoa mwenyewe. Naomba msomaji aishike nukta hii, kwa kuwa ndiyo nitakayoirudia.

Kipimo cha kwanza cha kutegemewa kilitoka Berlin. Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, wakifanya kazi katika hospitali ya Charité, waligundua mnamo mwaka 1927 kwamba mkojo wa mama mjamzito una kitu kinachoziamsha ovari za panya ambaye bado hajapevuka. Walichukua panya wachanga wa kike watano, wakawadunga mkojo huo mara kadhaa kwa siku tatu. Siku ya tano waliwaua, wakawapasua na kuzitazama ovari zao. Zilipokuwa zimevimba na kuwa na madoa ya damu, mama alikuwa na mimba. Huo ndio uliitwa mtihani wa A-Z, kwa herufi za kwanza za majina yao.

Kuna mambo mawili katika habari hii ambayo wasimuliaji wa mwendo huyaruka. La kwanza ni kwamba mabwana hawa walidhani homoni waliyoipata inatoka katika tezi ya chini ya ubongo. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba homoni ya mimba, ambayo leo vitabu huiita kwa herufi hCG, hutoka katika kondo la nyuma. Kipimo kilisema kweli ilhali waliokiunda hawakujua vizuri kinapima nini. Basi tusistaajabu leo tukiona kijiti kinatumiwa na watu wasiojua kilichomo ndani yake. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo. La pili ni kwamba wote wawili walikuwa Wayahudi. Baada ya Wanazi kushika dola mwaka 1933, Zondek aliondolewa kazini, akapitia Stockholm na hatimaye kufika Jerusalem; Aschheim akakimbilia Paris. Wale waliowapa wanawake wa Ujerumani njia ya kujua habari za matumbo yao hawakuachiwa nafasi katika nchi hiyo.

Marekani nako, Maurice Friedman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania aliwatumia sungura tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kutoka hapo ulizuka msemo wa Kimarekani kwamba "sungura amekufa", maana yake mwanamke fulani ana mimba. Kama mwalimu wa lugha, msemo huu umenifikirisha sana. Ukweli ni kwamba kila sungura aliuawa, mimba iwepo au isiwepo, maana bila kumpasua ovari zake hazikuonekana. Kifo cha sungura hakikuwa jibu la lolote. Lakini watu waliosimama nje ya mlango wa maabara walisikia habari nusu, wakaijaza nusu iliyobaki kwa kubuni. Ndivyo lugha inavyofanya pale elimu inapofungiwa chumbani: anayehusika na jambo hubakiwa na uvumi.

Kituo cha tatu kimo barani mwetu, na kinanishangaza kwa jinsi kisivyotajwa katika vitabu vya sayansi vinavyosomwa na watoto wetu. Lancelot Hogben, Mwingereza aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Cape Town mpaka mwaka 1930, aliona kwamba chura jike wa maji wa Afrika Kusini, yule mwenye kucha miguuni aitwaye na wanasayansi Xenopus laevis, hutaga mayai akidungwa vitu vilivyotoka katika tezi ile ya chini ya ubongo. Kisha mnamo miaka ya 1933 na 1934, Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein wa Cape Town hiyohiyo walionyesha kwamba mkojo wa mama mjamzito humfanya chura huyo atage vilevile, tena ndani ya saa chache, aghalabu usiku mmoja tu. Mayai yenyewe huonekana kwa macho. Chura hakuuawa, alirudishwa katika maji, akapumzika, akatumika tena. Maelfu ya vyura hao walisafirishwa kwa meli hadi Ulaya na Amerika, wakawa ndio kipimo cha mimba cha hospitali nyingi mpaka miaka ya 1960.

Chura huyu anastahili heshima, na mimi ningependa mtoto wa shule ya msingi hapa kwetu amjue. Lakini swali langu la kwanza liko palepale. Mkojo ulipelekwa na daktari, na jibu lilirudi kwa daktari. Mwanamke aliyeutoa alikuwa mtu wa tatu katika mazungumzo yaliyomhusu yeye. Angeambiwa jibu kama daktari alipenda, siku aliyopenda, na kwa maneno aliyochagua yeye. Panya walipisha sungura, na sungura wakapisha vyura, lakini aliyekabidhiwa karatasi ya jibu hakubadilika.

Sasa niseme habari za tawi la pili la elimu hii, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye heshima zaidi, ijapokuwa halina umaarufu. Hao niliowataja wote walitafuta ndiyo au hapana. James Brown, mwanakemia mzaliwa wa New Zealand aliyezaliwa mwaka 1919, aliuliza swali tofauti: kiasi gani? Akiwa Edinburgh, mwaka 1955 alitangaza njia ya kupima estrojeni tatu katika mkojo wa binadamu, hata wa mwanamke asiye na mimba, ambaye estrojeni zake ni kidogo mno. Estrojeni hizo hupimwa kwa mikrogramu, na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu.

Kazi hiyo haikuwa ya haraka. Mwanamke alikusanya mkojo wake wote wa saa 24 katika chupa. Mkojo ulichemshwa pamoja na asidi ili kuvunja kile kifungo cha ini nilichokitaja. Homoni zilivutwa kwa etha, zikasafishwa, zikapitishwa katika bomba lenye unga wa alumina ili zitengane moja na nyingine. Mwisho zilitiwa asidi ya salfuriki na dawa nyingine, zikapashwa moto mpaka ikatokea rangi ya waridi, na ukali wa rangi hiyo ndio uliosomwa kwa chombo. Kisha kesho yake kazi ilianza upya kwa chupa nyingine. Mwezi mzima wa mwanamke mmoja ulitaka chupa karibu 30.

Lakini tazama kilichopatikana. Chupa hizo zilipopangwa moja baada ya nyingine, zilionyesha estrojeni ikipanda siku baada ya siku, ikifika kileleni, ikishuka. Yai likiwa limetoka, inapanda projesteroni, ambayo katika mkojo huonekana kwa mabaki yake yaitwayo pregnanedioli. Na mimba isipotunga, zote mbili hushuka na hedhi huja. Ilionekana pia kwamba wanawake hawafanani, na kwamba hata mwanamke mmoja hafanani mwezi hata mwezi. Yule aliyeambiwa na kalenda kwamba siku yake ya rutuba ni ya 14 angeweza kuwa na yai la siku ya 11 au ya 20. Hapo mwili wa mwanamke haukuulizwa tu kama umeshika mimba. Uliachiwa usimulie mwezi wake wote, wenye mwanzo, kilele na mwisho.

Mwaka 1962 Brown alihamia Melbourne, Australia. Vipimo vyake viliwasaidia madaktari waliokuwa wakiwapa wanawake dawa za kuamsha ovari, dawa ambazo zikizidi huleta mapacha wengi kupita kiasi na hatari kwa mama. Kadhalika, pamoja na John Billings na Evelyn Billings, alilinganisha homoni za mkojoni na dalili za ute ambazo mwanamke anaweza kuziona mwenyewe. Baadaye alitumia miaka mingi kukipunguza kipimo chake kiwe kifaa cha nyumbani, kilichoitwa Ovarian Monitor, ili mwanamke apime mwenyewe mabaki ya homoni zote mbili na kuandika namba zake. Alifariki mwaka 2009. Kifaa hicho hakikuenea kama kijiti. Kinataka uangalifu, saa, na mtu anayekubali kusoma namba kila siku. Na biashara hupenda kitu cha haraka.

Katika tawi hilohilo la subira limo jambo moja linalojulikana dunia nzima, ingawa sehemu ya mkojo husahauliwa. Mtoto wa kwanza aliyetungwa mimba nje ya tumbo, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. (Si jamaa wa huyo mwanakemia.) Robert Edwards na Patrick Steptoe walihitaji kujua saa hasa ambayo yai la mama lingekuwa tayari kuchukuliwa. Walilijua kwa kupima mkojo wake kila baada ya saa chache, mchana na usiku, wakingoja kupanda kwa homoni ile ya tezi inayoliamuru yai litoke. Mama huyo alikuwa amehangaika kwa miaka kadhaa bila kupata mtoto. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Naona methali hii imepata maana pana zaidi: yeye alizaa kwa kuwa alikubali kutoa hata kile tunachoona haya kukitaja.

Turudi kwenye kijiti. Mwaka 1960 Leif Wide na Carl Gemzell wa Uswidi walionyesha kwamba mimba inaweza kupimwa bila mnyama wa kudungwa, kwa kutumia kingamwili na chembe nyekundu za damu katika bomba la kioo. Ilibaki shida moja. Homoni ya mimba na ile inayoliamuru yai litoke ni ndugu. Kila moja ina vipande viwili, na kimoja wanafanana kabisa. Vipimo vya mwanzo viliwachanganya ndugu hawa. Mwaka 1972 Judith Vaitukaitis na wenzake Glenn Braunstein na Griff Ross, katika taasisi za taifa za afya za Marekani, walitengeneza kipimo kinachokitambua kile kipande cha pili, ambacho ndicho chenye tofauti. Kuanzia hapo iliwezekana kuijua mimba mapema sana bila kudanganywa na ndugu yake.

Lakini aliyejibu swali langu, yaani jibu akabidhiwe nani, hakuwa mwanasayansi hata kidogo. Margaret Crane alikuwa mchoraji wa maumbo ya bidhaa, aliyeajiriwa mwaka 1967 katika kampuni ya dawa ya Organon huko New Jersey ili abuni vifungashio vya vipodozi. Siku moja aliona maabarani safu ya mabomba ya kioo yamening'inizwa juu ya kioo cha kujitazamia. Aliuliza ni nini, akaambiwa ni vipimo vya mimba vilivyoletwa na madaktari: ukionekana mduara mwekundu chini ya bomba, mimba ipo. Akajiuliza kwa nini mwanamke asiuone mduara huo mwenyewe. Alikwenda nyumbani, akatengeneza kwa kijisanduku cha plastiki cha kuwekea vibanio vya karatasi mfano wa kipimo cha kufanyia nyumbani.

Kampuni ilisita; madaktari ndio waliokuwa wateja wake. Hata hivyo hataza iliombwa mwaka 1969 kwa jina la Crane, naye akaisaini iwe mali ya kampuni kwa dola moja, ambayo amesema hakuwahi kuipokea. Kijisanduku hicho, kilichoitwa Predictor, kiliuzwa Kanada mwaka 1971. Nchini Marekani vipimo vya nyumbani viliruhusiwa mwaka 1976. Kijiti cha hatua moja tukijuacho leo kilifuata mwishoni mwa miaka ya 1980. Mfano wa kwanza wa Crane ulinunuliwa na makumbusho ya Smithsonian mwaka 2015. Mtihani wa Berlin ulipewa majina ya waliouvumbua tangu siku ya kwanza. Wa Crane ulingoja zaidi ya miaka 40 kabla watu hawajaanza kumtaja. Nasema hivyo bila kumpunguzia yeyote sifa zake. Panya na sungura na kingamwili zilibadilisha namna ya kuuliza. Crane alimbadilisha mwulizaji.

Baada ya kumsifu, sasa niihakiki lugha ya kijiti chenyewe. Kasoro yake ya kwanza ni kwamba kinazungumza kwa uhakika ambao hakinao. Pakiti nyingi husema usahihi ni zaidi ya asilimia 99. Namba hiyo ni ya maabara, na kwa kawaida huhusu mtu anayepima kuanzia siku aliyotarajia hedhi, akifuata maelezo yote. Katika majuma ya mwanzo homoni ya mimba huongezeka maradufu kwa siku mbili au tatu hivi. Vijiti vingi vya kawaida huitambua inapofika yuniti 25 kwa mililita elfu moja za kipimo chao. Kabla ya hapo havioni kitu. Kwa hiyo mstari mmoja una maana mbili: "hapana" na "bado". Kiswahili kinayatofautisha maneno haya vizuri sana. Mtu akikuuliza umeoa, ukajibu "bado", hujasema "hapana". Kijiti hakina neno "bado", na kikaratasi chake huliweka, kama kinaliweka, katika herufi ndogo.

Kasoro ya pili ni kwamba mistari miwili husema mimba ipo, isiseme iko wapi. Mimba iliyotunga katika mrija, nje ya mji wa mimba, nayo hutoa homoni, nayo huchora mstari, na inaweza kumuua mama. Anayesoma "ndiyo" na kuona maumivu makali ya upande mmoja au damu anapaswa kukimbilia hospitali, si kungoja kliniki ya mwezi ujao. Maelezo ya namna hii yanastahili herufi kubwa. Mimi nimevisoma vikaratasi kadhaa. Jina la mtengenezaji huwa kubwa zaidi.

Kasoro ya tatu si ya kijiti, ni yetu sisi wasomaji, na ndiyo iliyonifanya niandike insha hii. Katika shule moja niliyofundisha, ambayo sitaitaja, wasichana walipangwa mstari kila baada ya likizo, wakapewa vikombe. Mwalimu wa zamu na muuguzi walikusanya vikombe hivyo vyenye majina. Jibu lilikwenda kwa mkuu wa shule kabla ya kumfikia msichana. Mara nyingine msichana alilijua alipoambiwa akafungashe sanduku lake. Walitumia kifaa kilekile ambacho Crane alikibuni ili mwenye mwili awe wa kwanza kujua. Elimu ya mwaka 1971 ilikuwa imerudishwa katika utaratibu wa mwaka 1928, na chura kama angeweza kuona angedhani yuko Cape Town bado.

Niliwauliza wenzangu katika ofisi ya walimu swali ambalo halikupendwa: kikombe cha mvulana kiko wapi? Kwa elimu ya homoni jibu ni rahisi. Mkojo wa baba haubadiliki. Homoni ya mimba inamwandika mama peke yake, na hakuna kijiti kitakachochora mstari kwa aliyempa mimba. Lakini hiyo ni habari ya kemia. Mtu akiifanya kuwa hukumu, akamwadhibu anayeonekana kwa sababu tu anaonekana, kosa hilo haliwezi kusingiziwa maabara. Mwenzangu mmoja, mama mtu mzima, alinijibu, "Mwalimu, sheria ndiyo ilivyo." Kweli ndivyo mambo yalivyokuwa. Kenya iliweka mwongozo wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua mwaka 1994. Tanzania Bara tulingoja mpaka Novemba 2021 ndipo serikali ikatangaza kwamba msichana aliyekatiza masomo kwa mimba anaweza kurudi katika shule ya serikali. Katika miaka hiyo yote, ni wangapi waliosomewa mkojo wao na watu wengine?

Kuna na upande wa pili, wa wale ambao mstari wa pili hauji. Ninao wifi niliyempenda sana, ambaye kila Idi aliulizwa na mashangazi wa mumewe kama "kuna habari". Alinunua vijiti mwezi baada ya mwezi. Kila kimoja kilimwambia neno moja tu, hapana, kisiseme kwa nini. Angekuwa na zile chupa 30 za Brown, au hata kifaa chake cha nyumbani, angejua kama yai linatoka au halitoki, na lini. Na kama lilikuwa linatoka, mumewe naye angeambiwa akapimwe, maana ugumba unaweza kuwa wa mume kama unavyoweza kuwa wa mke. Alipokuja kuambiwa hayo na daktari mmoja mwenye subira alikuwa amekwisha kusingiziwa miaka tisa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini huyu aliulizwa habari za mtungi bila kupewa kata.

Hivyo hukumu yangu kama mhakiki ni hii. Kijiti ni kazi nzuri, fupi, ya bei nafuu, na kwa upande wa kumweka mwanamke mbele ya jibu lake ni kazi ya kiungwana. Ubaya wake ni ule wa maandishi yote mafupi kupita kiasi: humwachia msomaji ajaze mengi, na msomaji akiwa na madaraka juu ya mtu mwingine, huyajaza apendavyo. Kazi ya Brown ni ndefu na inachosha, lakini ndiyo iliyousikiliza mwili mpaka mwisho wa sentensi. Ningependa vifaa vya kizazi kijacho vichukue kutoka kwa Crane swali la jibu akabidhiwe nani, na kutoka kwa Brown swali la kiasi gani na lini. Tayari vipo vifaa vya nyumbani vinavyosoma homoni zaidi ya moja katika mkojo na kuonyesha namba. Bei yake bado si ya mfuko wa mkulima wa Kilosa.

Mpaka hapo vitakapomfikia, ninalo pendekezo dogo kwa wale wanaotafsiri vikaratasi vya maelezo kwa Kiswahili. Waongeze sentensi tatu, kwa herufi ambazo bibi anaweza kuzisoma bila miwani. Ya kwanza: "Mstari mmoja unaweza kuwa na maana ya bado; pima tena baada ya siku chache." Ya pili: "Mistari miwili pamoja na maumivu makali au damu ni dharura, nenda hospitali leo." Ya tatu: "Jibu hili ni la mwenye mkojo." Hiyo ya tatu wasiikate hata kama karatasi haitoshi.